Ukuta wa matumbawe, misumari miwili na namba isiyotulia

Swali ninalolijibu limetoka kwa fundi umeme wa Unguja. Ameandika hivi:

“Mwalimu, shikamoo. Mwenye nyumba moja ya zamani huku Mji Mkongwe ameniomba nimsaidie kujua kuta zipi zina maji, maana anataka kupiga plasta upya. Nilipigilia misumari miwili ukutani, sentimita 10 kati yake, nikaweka mita kwenye omu. Ikaanza na kilo-omu 38, baada ya dakika ikafika 90, na bado inapanda. Nikigeuza waya inaanguka ghafla halafu inapanda tena. Nikaazima kile kidude cha pini mbili cha kupimia unyevu wa mbao: kila ninapochoma kinagonga mwisho wa kipimo, hata ghorofani ambako ukuta ukiugusa ni mkavu. Mita ni mbovu au mimi ndiye sijui? Na je, unyevu wa ukuta unaweza kupimwa kwa umeme mtu akaiamini namba?”

Marahaba. Mita yako ni nzima. Hata ukanunue ya bei mara tano utakutana na mambo yaleyale, tofauti itakuwa tarakimu moja zaidi ya kukupumbaza. Wewe ulitaka habari za maji. Mita imekupa habari za misumari, kutu, chumvi, joto la saa ile na maji kidogo, zote zimefungwa katika namba moja. Kazi yetu ni kuifungua hiyo furushi.

Tuanze na kupandapanda. Ndani ya waya umeme hubebwa na elektroni. Ndani ya ukuta elektroni hazina njia; huko wabebaji ni ayoni, yaani chumvi iliyoyeyuka katika maji ya vitundu, sodiamu ikienda huku na kloridi kule. Uso wa msumari ndio gati. Malori hayaingii baharini na meli hazipandi nchi kavu, kwa hiyo kila mzigo lazima ubadilishwe palepale kwenye chuma, kwa mmenyuko wa kikemia. Sasa mita ya omu husukuma mkondo mnyoofu, upande mmoja tu bila kurudi. Mwanzoni mambo huenda. Kisha ayoni zinajazana mbele ya chuma, foleni inakuwa ndefu, mkondo unapungua, na mita, isiyojua kutofautisha foleni ya gatini na upana wa bahari, inaandika 90.

Kugeuza waya nako kuna sababu yake. Ile foleni imeacha chaji iliyojipanga kwenye uso wa kila msumari, kama kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji) iliyochajiwa. Ukigeuza, volti hiyo iliyobaki inaisaidia betri ya mita badala ya kuipinga, ndipo namba inaanguka. Jaribu hivi kabla ya kupima omu: weka mita kwenye milivolti za mkondo mnyoofu kati ya misumari hiyohiyo. Usishangae ukikuta makumi ya milivolti, au mamia kama msumari mmoja umepakwa zinki na mwingine ni chuma kitupu. Umetengeneza betri bila kukusudia, na mita ya omu inadhani volti hiyo ni yake.

Dawa ya foleni ni kutoiacha ikajaa. Ukitumia mkondo geu, ayoni husogea kidogo upande mmoja, hurudi, husogea tena. Hazihitaji kushusha mzigo. Ule utando wa chaji kwenye uso wa chuma hupitisha mkondo geu kama kapasita yoyote ipitishavyo, na kapasita yake si ndogo: sentimita moja ya mraba ya chuma kilicholowana vizuri huwa na takriban mikrofaradi 10 hadi 40. Lakini msumari ndani ya ukuta haulowani wote. Unagusa maji kwa vidoa. Chukulia eneo linalogusa ni sehemu moja tu kwa mia ya sentimita ya mraba, basi una kama mikrofaradi 0.2. Piga hesabu mwenyewe: kwa hezi 1 kizuizi cha gati hilo moja ni karibu kilo-omu 800, kwa hezi 1,000 ni omu 800 tu. Ukuta haujabadilika hata kidogo. Umebadilisha mwendo wa kuuliza.

Friedrich Kohlrausch, Mjerumani, aliligundua hili katika karne ya 19 alipokuwa akipima maji ya chumvi, akaacha mkondo mnyoofu akashika mkondo geu. Neno lenyewe impidansi alilitunga Oliver Heaviside mwaka 1886, kwa ajili ya kile kizuizi cha jumla ambacho ndani yake mna ukinzani wa kawaida pamoja na tabia ya volti na mkondo kutokwenda sambamba, kimoja kikitangulia kingine. Katika ukuta mbichi vitu hivyo viwili haviachani. Anayekwambia “ukinzani wa ukuta huu ni kadhaa” bila kutaja masafa aliyotumia, yaani hezi ngapi, amekupa nusu ya habari.

Kama karakana ya simu au redio iliyo karibu nawe ina mita ya LCR, ile inayopima impidansi kwa masafa unayochagua, iazime kwa mchana mmoja. Nyingi zina hezi 100, kilohezi 1, kilohezi 10 na kilohezi 100. Pima misumari ileile kwa masafa yote manne, andika ukubwa wa impidansi na pembe, yaani kipimo cha volti na mkondo kutokwenda sambamba. Pale ambapo thamani inashuka haraka masafa yanapopanda, bado unasikiliza gati. Pale inapotulia, na pembe inakaribia sifuri, hapo ndipo ukuta wenyewe unaongea. Ukizidi kupanda itaanza kushuka tena, kwa sababu ndani ya ukuta mna mipaka isiyo na idadi, jiwe kwa chokaa, chokaa kwa udongo, na kwenye kila mpaka ayoni hukwama kidogo na kujilimbikiza. Wataalamu huita jambo hili kwa majina ya Maxwell na Wagner. Ukichora sehemu mbili za impidansi kwenye karatasi ya miraba unapata mkia upande wa masafa ya chini na kitu kama nusu duara upande wa juu. Nusu duara hiyo katika ukuta wa mawe huwa imebonyea, haiwi duara safi ya vitabuni. Usihangaike kuinyoosha. Kubonyea kwake ndiko kunakoonyesha kwamba ukuta ni mchanganyiko, kila sehemu ikiitika kwa wakati wake.

Hata kwa mkondo geu, pini mbili bado zina kasoro: sehemu kubwa ya kizuizi iko milimita chache kuzunguka ncha, mahali mkondo unapobanana kutoka. Ukichoma tena sentimita moja pembeni unapata namba nyingine, na tofauti hiyo ni ya ncha, si ya ukuta. Hapa wewe una bahati, kwa sababu chombo kinachotibu hili unakijua kwa kazi yako. Ni ile mita ya ethi, ya kupimia waya wa umeme uliozikwa ardhini, yenye vituo vinne.

Frank Wenner wa ofisi ya vipimo ya serikali ya Marekani aliandika njia hii mwaka 1915, kwa ajili ya ardhi. Pini nne katika mstari mmoja, nafasi sawa kati yake. Mbili za nje zinapeleka mkondo. Mbili za ndani zinasoma volti tu, na kwa kuwa hazipitishi mkondo wa kutajika, foleni katika magati yao haipo. Pini za nje ziwe na kutu, ziguse vibaya, si kitu, mradi mkondo unaojulikana unapita. Zidisha omu ulizosoma kwa 2π na nafasi kwa mita, umepata ukinzani wa maada yenyewe kwa omu-mita. Kwa nafasi ya sentimita 6 na usomaji wa omu 500, ni karibu omu-mita 188.

Mita ya ethi ina faida nyingine ambayo wengi hawaitambui: nyingi hutumia masafa yaliyowekwa kando na hezi 50 na vizidishi vyake, kwa hiyo umeme wa nyumbani unaovuja ukutani hauzichanganyi. Na katika nyumba kuukuu umeme huo upo. Kabla ya kuchoma chochote zima swichi kuu, na pima volti kati ya ukuta na ethi. Sina haja ya kumfundisha fundi hilo, ila nimeona mafundi wakisahau kwa kuwa “huu ni ukuta tu”.

Usipopata mita ya ethi, simu inatosha: programu ya kutoa mlio wa hezi 370, waya wa spika za masikioni, kapasita ya mikrofaradi 1 isiyo na upande ili kuzuia mkondo mnyoofu, na rezista ya kilo-omu 10 mfululizo na pini za nje. Volti juu ya rezista inakupa mkondo, volti ya pini za ndani inakupa kilichobaki. Nimechagua 370 kwa sababu haiangukii kwenye kizidishi cha 50, na mita nyingi za mkononi bado zinaaminika kwenye masafa hayo. Ila ile mita ya njano ya bei rahisi iliyojaa madukani haitakufaa, kipimo chake cha chini kabisa cha mkondo geu ni volti 200, na wewe unatafuta milivolti.

Pini ziwe za chuma kisichoshika kutu, zote nne za aina moja, zimechomekwa kwenye ubao mdogo ili nafasi isibadilike. Ziingie kidogo tu; kwa nafasi ya sentimita 6 milimita 6 zinatosha, kwa sababu hesabu ya Wenner inachukulia kila pini ni nukta. Zikishindwa kugusa vizuri, paka kwenye tundu udongo mfinyanzi uliokandwa kwa maji kidogo. Maji ya chumvi usitie kabisa. Watu hutia, namba inatulia vizuri mno, na wamekwisha kuupima mfuko wao wenyewe wa chumvi.

Sasa ukuta wenyewe, maana hapa ndipo penye utamu wote. Kuta za Mji Mkongwe si tofali moja lililokatwa kiwandani. Ni mawe ya matumbawe ya kila ukubwa, toka ngumi mpaka kichwa, yamelazwa katika chokaa na mchanga, mahali pengine udongo mwekundu, kisha tabaka za plasta na chokaa za vizazi kadhaa. Jiwe la tumbawe lenyewe ni kama mkate wa kumimina: vitundu vikubwa na vidogo, vingine vimeungana, vingine vimejifunga. Maji yaliyo katika kitundu kilichojifunga hayapitishi umeme kwenda popote. Kwa hiyo umeme hauhesabu maji yote yaliyomo. Unahesabu maji yaliyoshikana mikono kutoka pini hadi pini.

Hii ina maana mbili kwa ubao wako wa pini. Nafasi ikiwa ndogo kuliko jiwe, unapima jiwe moja, na jirani yake litakupinga. Nafasi ikiwa kubwa, unapata wastani, lakini mkondo unazama ndani zaidi na ukipita robo ya unene wa ukuta hesabu ya Wenner inaanza kukudanganya, kwa sababu upande wa pili ni hewa. Kwa ukuta wa sentimita 50 usivuke sentimita 12. Jiepushe na kona, fremu za milango, na mahali penye nondo au bomba la chuma la nyaya. Pima angalau sehemu sita au saba katika eneo unalolitaka, mlalo na wima, kisha tazama zilivyotawanyika kabla ya kutafuta wastani. Zikitofautiana mara mbili, ni kawaida ya ukuta wa mawe. Zikitofautiana mara kumi, kuna kitu cha kutafuta.

Kisha fanya jambo ambalo kidude cha mbao hakiwezi: pima mahali palepale kwa nafasi ya sentimita 3, halafu 6, halafu 12, ukiacha katikati ya mstari pasihame. Nafasi ndogo inaona plasta, kubwa inaona ndani. Omu-mita zikipanda kadiri nafasi inavyopanuka, uso ndio wenye unyevu au chumvi na ndani ni pakavu zaidi: mwelekeze shaka hewa na plasta. Zikishuka, maji yako ndani. Fanya hivyo kutoka sakafuni kwenda juu kila sentimita 20 mpaka usawa wa kifua. Maji yanayopanda kutoka ardhini huacha alama yake, lakini tahadhari, mara nyingi ukinzani wa chini kabisa hauko miguuni pa ukuta. Uko kwenye ule mstari wa juu ambako maji huishia kukauka, chumvi ikabaki.

Na hiyo chumvi ndiyo iliyokigonga kidude chako. Maji ya bahari hupitisha umeme makumi hadi mamia ya mara kuliko maji mengi ya bomba. Ukuta wa pwani una njia nyingi za kupata chumvi: mawe yaliyotoka baharini, mchanga wa ufukweni uliotumiwa bila kuoshwa, upepo wa kusi unaoleta matone madogo ya mawimbi, maji ya ardhini. Zaidi ya hapo chumvi ya kawaida ina tabia moja mbaya. Unyevu wa hewa ukivuka asilimia 75 hivi, inavuta maji kutoka hewani na kuyeyuka yenyewe, kama unavyoiona ikilowa kwenye kichupa mezani. Hewa ya Unguja huvuka kiwango hicho mara kwa mara, hasa usiku na wakati wa Masika. Basi ukuta wenye chumvi unaweza kuwa na utando wa maji usiotoka kwenye bomba lolote, wala paa, wala ardhi. Kidude cha mbao kimepangiwa mbao, ambazo hazina chumvi hiyo. Utando mwembamba tu wa maji ya chumvi unatosha kukifikisha ukingoni.

Nalijua hili kwa uchungu. Zamani, nikiwa na ujasiri kuliko maarifa, niliitwa kwenye nyumba moja ya pwani, nikachoma pini mbili ukuta wa nyuma ya bafu, nikaona kipimo kimejaa, nikatamka: bomba linavuja. Wakavunja sakafu. Bomba lilikuwa kavu kiasi kwamba vumbi lake liliruka. Plasta ya ukuta ule ilichanganywa kwa mchanga wa ufukweni, na mimi nilikuwa nimepima ufukwe. Sakafu niliilipia.

Kuna hesabu inayoonyesha ukubwa wa mtego. Gustavus Archie, aliyekuwa akitafuta mafuta kwa kampuni ya Shell huko Marekani, alichapisha mwaka 1942 kanuni ya mawe ya mchanga: upitishaji wa umeme wa jiwe hufuata upitishaji wa maji yaliyomo, ukizidishwa kwa kiasi ambacho vitundu vimejaa maji, tena kwa kiasi hicho hicho, yaani kipeo cha 2 au karibu na hapo. Punguza maji nusu, ukinzani unapanda mara nne. Sasa linganisha kuta mbili zenye vitundu sawa. Mmoja umejaa maji ya bomba. Wa pili una maji theluthi tu, lakini yana chumvi mara kumi. Theluthi mara theluthi ni moja ya tisa, na ukiizidisha kwa kumi unarudi karibu na moja. Mita yako itasoma karibu sawasawa kwa kuta zote mbili.

Na kuna la ziada ambalo vitabu hulipita haraka. Ukuta unapokauka, maji huondoka, chumvi haiondoki. Maji yakibaki nusu, ukali wa chumvi umekuwa mara mbili, kwa hiyo badala ya ukinzani kupanda mara nne unapanda mara mbili tu, na mtu anayefuatilia ukuta ukikauka anaona namba zinajikokota akadhani haukauki. Kanuni ya Archie pia ilitungwa kwa mawe yasiyo na udongo wa mfinyanzi. Penye udongo mwekundu katika mchanganyiko, mkondo mwingine hupita juu ya uso wa chembe za udongo wenyewe, hata maji yakiwa masafi. Waxman na Smits waliiongezea kanuni sehemu hiyo mwaka 1968. Wewe huhitaji hesabu zao. Unahitaji kujua tu kwamba kiraka cha udongo kitasoma kama kiraka cha maji.

Usiniamini kwa maneno, fanya jaribio la mabeseni. Mabeseni mawili ya plastiki. Mchanga wa kujengea, uoshe mara tatu nne, ukaushe juani, gawa kilo 5 kila beseni. Beseni la kwanza lita 1 ya maji ya bomba. La pili lita 1 ya maji yaleyale, lakini koroga ndani yake kijiko cha chai cha chumvi. Changanya, shindilia kwa namna ileile, pima kwa ubao wa sentimita 3. Maji sawa, mchanga sawa, na la chumvi litasoma chini mara kadhaa, kama kumi hivi kutegemea maji ya bomba lenu. Kisha lianike la chumvi, kila asubuhi likoroge, shindilia, pima omu, pima na uzito kwenye mizani. Siku litakaposoma sawa na beseni la maji matupu lilivyosoma mwanzo, tazama mizani inasema maji gani yamebaki. Wanafunzi wangu huwa wanarudia kupima uzito mara mbili, wakidhani mizani imekosea.

Kwa hiyo namba ya kuaminika inatoka wapi? Kwenye mizani. Umeme unakuonyesha wapi pa kutoboa na unakufuatilizia mabadiliko bila kutoboa tena. Kiasi cha maji unakipata kwa kupima uzito. Chukua drili, biti ya milimita 10 au 12, zungusha polepole kwa sababu biti ikipata moto inakausha unga kabla hujaukusanya. Tupa milimita za mwanzo za rangi. Kusanya unga wa tabaka la plasta peke yake na wa ndani peke yake, ufunge haraka katika vichupa. Pima uzito, kausha kwa nyuzi 105 mpaka uzito usibadilike, pima tena. Kama plasta ni ya jasi, kausha kwa nyuzi 40 tu, la sivyo utafukuza maji yaliyofungwa ndani ya fuwele zake na kuyahesabu kama unyevu.

Usiutupe unga uliokauka. Gramu 5 zake koroga katika mililita 50 za maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke, yale ya kuongezea kwenye betri, si asidi yake, acha yatulie, pima upitishaji kwa ile kalamu ya kupimia maji ya visima. Hiyo ndiyo chumvi. Sehemu nyingine iweke wazi katika kijisahani kidogo ndani ya chupa kubwa iliyofungwa, chini kukiwa na uji mzito wa kloridi ya potasiamu, ambayo wakulima wanaijua kama mbolea ya MOP. Hewa juu ya uji huo hukaa kwenye unyevu wa asilimia 84 au 85. Pima uzito kila siku mpaka usimame. Unga ukirudisha karibu maji yote uliyokuwa nayo ukutani, ukuta ule unakunywa hewa, na hakuna bomba la kutafuta. Ukirudisha kidogo tu, maji yaliyobaki yana chanzo kingine, na hapo vunja sakafu kwa roho safi.

Joto nalo liandike. Upitishaji wa maji ya chumvi hupanda takriban asilimia 2 kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi. Ukuta unaotazama magharibi ukitofautiana nyuzi 10 kati ya alfajiri na alasiri, umepata tofauti ya asilimia 20 bila tone moja kuongezeka. Pima saa ileile ya siku, ukuta ukiwa haujapigwa jua.

Utaulizwa kuhusu vile vipimo vingine vinavyobandikwa ukutani bila pini. Hivyo hutegemea tabia nyingine ya maji: katika uwanja wa umeme wa masafa makubwa, maji yana thamani ya kuitikia uwanja huo ya karibu 80, mawe ya chokaa karibu 8, hewa 1, kwa hiyo maji hujitokeza yenyewe hata yasipokuwa na chumvi. Topp na wenzake walionyesha mwaka 1980 jinsi udongo unavyopimwa hivyo kwa mamia ya megahezi. Lakini kidude cha bei rahisi hakifiki masafa hayo, na kadiri kinavyoshuka ndivyo chumvi inavyorudi mlangoni. Halafu kinaona sentimita chache tu za juu. Kwa kuta zenu ningekitumia kulinganisha mahali na mahali ndani ya chumba kimoja, basi.

Kidude chako cha mbao usikirudishe bado. Chomeka kwenye boriti na vizingiti, huko ndiko kwao, na mbao zilizolazwa ndani ya ukuta kwa miaka zinakuwa shahidi mzuri wa unyevu wa pale zilipo.

Mwenye nyumba naye mwambie asubiri kidogo na mfuko wa saruji. Plasta ngumu ya saruji juu ya mawe ya matumbawe na chokaa inafunga mlango ambao ukuta hutolea mvuke. Maji yanarudi ndani au yanapanda juu zaidi, na chumvi inaibandua plasta yenyewe baada ya misimu michache. Chokaa inaacha ukuta upumue. Nalisema hili nikijua chokaa inachelewa, na fundi wa kuipika na kuiozesha vizuri hapatikani kila mtaa.

Ule ukuta wa ghorofani, mkavu kwa mkono lakini umejaa kwa kidude, ndio ningeanza nao. Tundu moja tu, nyuma ya kabati ambako halitaonekana, gramu kumi za unga wa plasta na kumi za ndani. Ukinitumia namba, nitumie na saa uliyopima, joto la ukuta, na usomaji wa sentimita 3, 6 na 12, maana bila hizo nitakuwa nabahatisha kama nilivyobahatisha kwenye lile bafu.